Mwanangu anaogopa mvua tangu yale mafuriko, na masika ndo hiyo inaingia

Mama Wawili

Habari zenu wazazi wenzangu, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mawazo yenu maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi.

Nina watoto wawili, wa kwanza wa kiume ana miaka 8 yuko darasa la tatu, hapa nitamwita Kaka maana ndo tunavyomwita nyumbani, mdogo wake wa kike, tunamwita Dada, ana miaka 3. Mpaka mwaka jana tulikuwa tunaishi Kigogo, kule chini karibu na mto Msimbazi, tumepanga vyumba viwili. Masika ya 2024 mnaikumbuka wenyewe ilivyokuwa. Usiku mmoja mwezi wa nne maji yaliingia tumelala, mi nilishtuka kwasababu mkono wangu ulikuwa unaning'inia pembeni ya kitanda ukagusa maji. Baba yao ni dereva wa malori, alikuwa njia ya Tunduma. Nikambeba mdogo mgongoni, Kaka nikamsimamisha juu ya meza nikamwambia usishuke hapo, nakuja sasa hivi, nikatoka na huyu mdogo hadi kwa jirani mwenye nyumba ya ghorofa. Kwenda na kurudi haikufika dakika kumi ila niliporudi umeme umeshakatika, maji yamebakiza kidogo yafike juu ya meza, na mtoto amesimama vilevile gizani hasemi kitu, amekumbatia begi lake la shule. Hakulia. Mpaka leo hajawahi kulia kwa ajili ya ule usiku.

Tukahamia Kinyerezi, tena huku juu mlimani, hata inyeshe wiki nzima maji yanateremka bondeni hayana pa kusimama. Nikajua yameisha. Lakini wingu likitanda tu mtoto anabadilika. Anachukua viatu vyake vya shule anaviweka juu ya kabati. Madaftari anayafunga kwenye mfuko wa nailoni. Halafu anaanza kuniuliza "mama, maji yatafika?" Namwambia hayafiki. Dakika tano nyingi, "mama una uhakika?" Jumamosi moja nilihesabu, aliniuliza mara 23 kabla ya saa sita mchana. Usiku mvua ikidondoka nalala nae, namshika mkono, inabidi nimulike tochi ya simu chini ya kitanda aone hamna maji, kisha nimulike tena.

Asubuhi kukiwa na wingu tumbo linamkata, anatapika. Nimempima, malaria hamna, mkojo safi, dawa ya minyoo kapewa. Shuleni mwezi uliopita mvua ilianza wakiwa darasani, akapanda juu ya dawati akakataa kushuka, mwalimu akamtania mbele ya wenzake na sasa wanamwita Mafuriko. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mwaka jana tuliacha tivii inaongea tu, akasikia Waziri Mkuu anatangaza bungeni watu 155 wamekufa nchi nzima, akaniuliza 155 ni darasa lao mara ngapi. Na hatujakaa sawa mwezi wa tano kikatangazwa kimbunga Hidaya.

Baba yake anasema namdekeza. Mi namwambia mtoto "leo hainyeshi", halafu inanyesha, ananiangalia na yale macho. Nifanyeje jamani, mvua ndo zinaanza.

Binti Mzaramo

Pole sana mamii, nimesoma mpaka mwili umesisimka. Sina utaalamu ila mswalie kabla ya kulala, au kama ni Wakristo mwombee umemwekea mkono kichwani, watoto wanatulia wakisikia sauti ya mama kwenye dua. Halafu tivii zima kabisa kipindi cha habari za mvua, na simu usimwachie, zile video za mafuriko zinasambaa sana kwenye magrupu.

Baba wa Tabata

Mi nitasema tofauti kidogo na msinichukie. Sisi wengine tumekulia mabondeni, mvua ikinyesha tunakinga ndoo na masufuria ndani na tunalala. Mtoto wa kiume ukimlalia kila usiku na kumshika mkono atazoea hivyo. Mwache alale peke yake, akiona siku mbili tatu maji hayaji ataacha mwenyewe. Nampenda mwanangu kama unavyompenda wako ila ukakamavu unaanza utotoni.

Nesi wa Watoto

Mama Wawili pole mdogo wangu, na hongera kwa kuandika yote bila kuficha. Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi za watoto miaka mingi, nitaandika kirefu mnivumilie.

Kwanza tumbo la Kaka linauma kweli, asije mtu akamwambia anajifanyisha. Mwili ukipata hofu unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli ya miguu na mikono ili mtu aweze kukimbia, na tumbo linasimamishiwa kazi yake. Ndo maana kichefuchefu, ndo maana kutapika na kutaka choo kila saa. Umefanya vizuri kuanza na vipimo, sasa ukishajua sio malaria wala mkojo, ujue ni hofu inaongea kwa njia ya tumbo.

Na hofu yenyewe haijatoka hewani. Mbwa wa getini akishamuona mwizi mara moja, baada ya hapo hata paka akipita ukutani anabweka. Mbwa hajaharibika, anafanya kazi aliyowekewa, ila inabidi afundishwe upya kutofautisha mwizi na paka. Kichwa cha mwanao kipo hapo. Kwake mlio wa mvua kwenye bati ni mwizi.

Sasa hapa ndo pagumu kwetu akina mama. Kila ukimjibu "hayafiki", hofu inashuka dakika tano halafu inarudi imeshiba. Kwasababu kichwa chake kinajifunza kwamba nimepona kwa kuwa mama amenijibu, mama amemulika, mama amenishika. Hakipati nafasi ya kujua kwamba angepona hata usingemulika. Sio kosa lako, kila mzazi anafanya hivyo, nami nilifanya kwa wa kwangu wa pili aliyekuwa anaogopa sindano. Kuna mtaalamu pale chuo kikuu cha Yale Marekani anaitwa Eli Lebowitz, yeye na wenzake walitoa utafiti mwaka 2020, wakachukua kundi moja la watoto wenye hofu wakawatibu wao wenyewe kwa tiba ya mazungumzo, kundi la pili watoto hawakuguswa kabisa, waliofundishwa ni wazazi tu namna ya kuacha kuilisha hofu. Watoto wa kundi la pili hawakuachwa nyuma, walipata nafuu sawa na wale wengine. Ndo maana nasema una kitu kikubwa mikononi mwako.

Wanafundisha mzazi aseme vitu viwili pamoja. Cha kwanza kukiri hofu yake, cha pili kumwamini. Mfano "naona unaogopa Kaka, ule usiku ulikuwa mbaya kweli, na najua hofu hii utaiweza." Ukisema cha kwanza peke yake unamwongezea kilio, ukisema cha pili peke yake, kama kaka yangu wa Tabata hapo juu, mtoto anaona hakuna anayemwelewa. Na kaka, nakuheshimu, ila kumwacha ghafla peke yake usiku wa mvua mtoto ambaye alishawahi kusimama gizani maji yanapanda, huko ni kumrudisha juu ya ile meza.

Usimwahidi hainyeshi. Wewe sio mawingu. Mwambie "leo inaweza kunyesha, na ikinyesha tutafanya hivi na hivi." Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa siku tano na wana ngazi zao, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, basi angalieni pamoja mara moja tu kwa siku, jioni, mkimaliza simu inafungwa. Akiuliza swali la maji mara ya kwanza mjibu ukweli: hapa ni mlimani, maji yanateremka. Akiuliza tena mwambie "hilo tulishalijibu, unakumbuka nilikwambiaje?" ajijibu mwenyewe. Atalia, atakasirika, wiki ya kwanza maswali yanaweza hata kuongezeka. Usirudi nyuma.

Mfundishe kupumua lakini sio wakati ameshapandwa na hofu, mfundishe mchana anacheza. Mlaze chali, weka ndala tumboni, ndala ipande ishuke. Kuvuta pumzi ni kama ananusa pilau, taratibu, kuitoa ni kama anapuliza uji wa moto, ndefu kuliko ya kuvuta. Mtu akitoa pumzi mapigo ya moyo yanapungua kidogo, ndo kazi yake hiyo.

Halafu jenga ngazi ya kupanda hofu, kidogo kidogo. Tafuta sauti ya mvua kwenye simu, sikilizeni mchana sauti ikiwa chini kabisa huku mnacheza karata au anachora. Siku nyingine ongeza sauti. Siku nyingine kaa nae barazani kwenye manyunyu. Kisha mtembee na mwavuli mkaone maji yanavyoteremka kwenye mtaro kwenda bondeni, ayaone kwa macho yake yanakoelekea. Kulala peke yake kwenye mvua ni ngazi ya juu kabisa, usianzie huko. Sheria ni moja, msikimbie hofu ikiwa juu, kaeni hapohapo mpaka ishuke hata kidogo, ndo mtoke. Ukimtoa ikiwa kileleni umeifundisha hofu kwamba imeshinda.

La mwisho na usilipuuze. Kuogopa wiki chache baada ya janga ni kawaida kwa mtoto yeyote. Wewe unakaribia mwaka, anatapika, shule inaathirika. Nenda Amana, ndo hospitali yenu ya rufaa ya mkoa huko, waeleze ulivyotueleza, ikibidi watakupa rufaa Muhimbili idara ya afya ya akili. Usiogope hilo jina, watoto wa hivi mara nyingi wanaanza na tiba ya mazungumzo na michoro, sio vidonge. Na kuna namba 116, simu kwa mtoto, bure, hata wewe mzazi unaweza kupiga ukaomba ushauri.

Mama Wawili

Dada nesi Mungu akubariki, nimeisoma mara tatu na nimemsomea baba yake kwenye simu, yuko Makambako. Swali langu, hilo la kusema "ule usiku ulikuwa mbaya" sijawahi kulisema. Tangu tumehama hatuuongelei kabisa. Naogopa nikimgusia ndo namkumbusha. Na niseme ukweli mimi mwenyewe siwezi, nikianza koo linakaba.

Mtoto wa Jangwani

Shikamoo mama. Mi sio mzazi bado ila naomba niongee kama aliyekuwa mtoto.

Desemba 2011 nilikuwa na miaka 10, tunaishi Jangwani. Kama mnakumbuka yale mafuriko, kuna watu walikaa juu ya mapaa kutwa nzima, na mimi nilikuwa mmoja wao, mimi na bibi na mjomba na kuku wawili. Baadae tukapelekwa Mabwepande, tukakaa kwenye mahema, kule wakati huo ni pori tupu, usiku kimya mpaka unasikia wadudu. Mama yangu alikuwa kama wewe. Alituambia yamepita, tusiyataje. Alifikiri anatulinda. Lakini mi kichwani nilikuwa nayaona kila siku na kwa kuwa hakuna anayeyataja nikajua kumbe ni kitu kibaya kiasi kwamba hata wakubwa wanakiogopa. Nikawa nakojoa kitandani na miaka 10, nachapwa, nakojoa tena.

Aliyenisaidia ni bibi. Jioni moja tumekaa nje ya hema anachambua mchele akaanza tu kuhadithia, "siku ile asubuhi nilikuwa nimebandika chai", akaenda hivyohivyo mpaka mwisho, maji, paa, mjomba alivyotuvuta kwa kanga, watu waliokuja kututoa. Na akamalizia "tukafika kwenye ile shule tukapewa mkate, ukala vipande vinne." Kesho yake nikamwomba ahadithie tena. Akahadithia. Akikosea namsahihisha, namwambia bibi haukuwa mkate mkavu, ulikuwa na siagi. Yani sijui ilikuwaje lakini kadiri ile stori ilivyokuwa inarudiwa ikawa inapungua ukali, kwasababu ilikuwa na mwisho. Kichwani kwangu peke yangu haikuwaga na mwisho, ilikuwa inaishia pale juu ya paa.

Mama, mwanao stori yake inaishia juu ya meza gizani. Wewe ndo unayejua kilichofuata. Ulirudi. Mwambie.

Na kitu kingine samahani kama navuka mipaka. Mi nilikuwa nasema naogopa mvua na kila mtu akajua naogopa mvua. Nilichokuwa naogopa ni kuachwa, maana pale mwanzoni mjomba alimtoa bibi kwanza mi nikabaki nashikilia nguzo. Sikuwahi kumwambia mtu mpaka nina miaka 19.

Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Nimelia hapa jikoni. Asante.

Ticha Mbagala

Mama Wawili nimeumia sana na hilo la mwalimu kumtania mtoto, na kama mwalimu naomba radhi kwa niaba yetu. Nenda shule kabla masika haijachanganya, usiende kwa shari, omba dakika kumi na mwalimu wa darasa wakati wa mapumziko, mweleze ule usiku wa kwenye meza kama ulivyotueleza sisi. Walimu wengi hawajui, wanaona tu mtoto kapanda dawati. Jina la Mafuriko likome kuanzia kwa mwalimu, wanafunzi watafuata.

Mimi darasani kwangu niliwahi kuwa na binti anayeogopa radi. Nilichofanya nilimpa kazi, mvua ikianza yeye ndo anafunga madirisha yote, akimaliza anagawa madaftari. Mtoto mwenye kazi mkononi hofu inamkuta ameshughulika. Na tulikuwa na alama yetu, akiweka penseli wima juu ya dawati najua imepanda, nasogea nasimama karibu nae tu simsemeshi. Isitoshe mjue madarasa yetu mengi hayana silingi bodi, mvua ikipiga bati mwalimu hasikiki hata akipiga kelele, huwa naandika ubaoni wananakili, hakuna anayemwangalia mwenzie. Mwombe mwalimu wake nae atumie nafasi hiyohiyo.

Na asimruhusu kuja nyumbani kila wingu likitanda. Najua utapigiwa simu na moyo utataka kumfuata na bodaboda. Akae kwanza, hata kama ni ofisini kwa walimu nusu saa, kisha arudi darasani.

Baba wa Tabata

Nimesoma yote, hasa huyu kijana wa Jangwani. Nauliza kwa nia njema, baba yake yuko safarini muda mwingi, yeye afanye nini? Maana mimi nami nina safari.

Nesi wa Watoto

Swali zuri kaka. Apige simu saa ileile kila siku, hata dakika tatu, asiulize "bado unaogopa?" aulize "leo umepanda ngazi ipi?" Na baba na mama waseme lugha moja. Mama akisema hatumuliki tena chini ya kitanda, baba asimwambie kwenye simu "mwambie mama akumulikie". Halafu baba akimsimulia siku aliyoogopa yeye mwenyewe barabarani na alivyofanya, mtoto wa kiume anabeba hiyo miaka mingi.

Kijana wa Jangwani, ulichofanyiwa na bibi yako ndicho wataalamu wanachofanya na watoto waliopata majanga, kuisimulia mwanzo mpaka mwisho, polepole, mara nyingi, na mtu anayemwamini. Bibi alijua bila darasa. Mama Wawili ukiona huwezi peke yako fanya hilo ukiwa na mshauri wa hospitali pembeni, sio lazima ujilazimishe.

Mama Wawili

Ndugu zangu narudi baada ya wiki tano, niliahidi moyoni nitaleta majibu.

Amana tulienda. Tumeonana na mshauri mara mbili, anamchorisha. Mara ya kwanza kachora meza tu, karatasi nzima, meza haina mtu. Tunarudi tena wiki ijayo.

Ngazi tumeipanda na kushuka. Sauti ya mvua kwenye simu siku ya kwanza aliziba masikio akakimbilia chooni, nikasema basi, kesho yake nikaiweka sauti ya chini kama mbu na tukacheza karata, akanifunga. Sasa anaiweka mwenyewe. Kunusa pilau anapenda, kupuliza uji anamfundisha mdogo wake. Tulienda na mwavuli mpaka mwisho wa barabara yetu tukasimama kuangalia maji yanavyoteremka, akatupa kijiti kwenye mtaro tukakifuata kwa macho mpaka kikapotea huko bondeni, akaniuliza huko chini wanaishi watu? Nikamwambia ndio. Akanyamaza muda mrefu. Sikujua nimjibu nini zaidi na sikumdanganya. Tulivyorudi nyumbani akaniambia tuwaombee, tukawaombea.

Maswali yamepungua ila hayajaisha. Wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko mwanzo kama dada nesi alivyosema, alinipigia kelele kwamba mi simpendi tena kwasababu simulikii. Nilishindwa siku moja nikamulika. Kesho yake nikaanza upya. Mwalimu wake nae nilienda, alisikiliza mpaka macho yakamlegea, sasa Kaka ndo mfunga madirisha na anajisikia huyo.

Ila nilichotaka kuwaambia ni juzi Alhamisi. Mvua ilianza kama saa tano usiku, ile ya kumwaga. Nikasikia anajigeuza kitandani. Sikwenda kulala nae, nilikaa kwenye kiti mlangoni, ndo ngazi tuliyofikia. Nikasema naona unaogopa Kaka. Akasema ndio. Nikakaa kidogo, nikasema ule usiku kule Kigogo na mimi niliogopa sana. Nikaanza kuhadithia. Mkono wangu ulivyogusa maji, nilivyomfunga mdogo wake mgongoni na kanga ya njano, akanikatisha, "ilikuwa ya bluu". Nikasema haya, ya bluu. Nikafika pale kwenye meza nikasimama, koo likakaba kweli.

Yeye ndo akauliza, gizani hukohuko, kwa sauti ndogo, "kwanini ulianza na Dada?"

Mwaka mzima alikuwa nalo hilo. Nikamwambia kwasababu Dada alikuwa mdogo sana, nikimweka juu ya meza angeshuka, na wewe nilijua ukiambiwa usishuke hushuki. Mikono yangu haikutosha kwenu wote wawili na nilikuwa nimechanganyikiwa. Nikakwambia nakuja. Nilikuja?

Akasema ulikuja. Kisha akasema, "lakini ulichelewa."

Nikamwambia ndio mwanangu, nilichelewa, nisamehe. Hapo ndo alilia. Alilia kama mtoto mdogo, kwa kwikwi, mpaka mdogo wake akaamka. Nilienda kumkumbatia, ngazi nikaziacha kwa usiku huo, na mvua inapiga bati juu yetu hamna aliyekuwa anaisikiliza. Baada ya hapo nikamalizia stori, jirani alivyotufungulia mlango, alivyompa fulana ya mwanae yenye picha ya simba ikawa inamfika magotini. Akaniambia na chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Akalala kabla mvua haijakata. Asubuhi nilipoingia kumwamsha, viatu alikuwa ameviweka juu ya kabati kama kawaida. Ila begi lilikuwa chini sakafuni, limefunguliwa, na madaftari yapo nje ya mfuko.